Uliza Ujibiwe: Ripoti inasema mradi umefanikiwa, mbona maji hakuna?

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu miradi ya wafadhili na namna inavyopimwa, na kwa kweli mmetuma mengi kuliko tulivyotegemea. Yanayofanana nimeyaunganisha. Majina ya watu na mashirika nimeyaacha maana wengi wenu bado mnafanya kazi hapohapo au mnaishi na hao watu kijijini.

Swali: Salaam mhariri. Mimi ni mzee, mweka hazina wa kamati ya maji kijijini kwetu mkoa wa Singida. Tulichimbiwa visima vya pampu za mkono na shirika la nje. Baada ya muda wakaja watu wa tathmini na gari moja, wakakaa ofisi ya kijiji na mwenyekiti na mtendaji, wakauliza kama tumeufurahia mradi, tukasema sana, wakapiga picha kisima cha pale barabarani wakaondoka. Leo visima vingi havitoi maji, raba zimelika na vipuri hatujui pa kuvipata. Kijana wangu kanionesha ripoti kwenye simu, imeandikwa mradi umefanikiwa kwa kiwango kikubwa. Je tulikosea kusema tumefurahi? Na wakirudi tuseme nini bila kuwafukuza?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hamkukosea kabisa. Mtu kakuchimbia kisima, karudi kutoka mbali, anakuuliza umefurahi, heshima yenyewe inakutaka useme ndio, na kisima kweli mlikifurahia siku ile. Kosa ni la aliyeuliza. Swali la maana ni hili, maji mliyokunywa jana nyumbani kwako yametoka wapi, nani kayachota, katoka saa ngapi karudi saa ngapi, na ndoo moja mmelipa shilingi ngapi. Hilo swali halimlazimishi mtu kujibu kwa adabu wala kwa unafiki, mama aliyeamka saa kumi kwenda korongoni atakwambia hivyohivyo ilivyokuwa. Na aulizwe yeye anayechota, tena peke yake, sio mbele ya mwenyekiti na mtendaji.

Halafu mpimaji alitakiwa apite visima vyote na aishike hiyo pampu kwa mkono wake mwenyewe. Wewe unajua mzee, pampu nzima ukiipiga mara chache tu maji yanakuja, ila raba zikianza kulika unapiga unapiga mpaka jasho linakutoka ndo yanatoka kidogo, na ukiiacha kidogo inabidi uanze upya. Hiyo ni dalili ya mapema kabisa kwamba kisima kinakwenda kufa, mtoto wa darasa la nne anaweza kuihesabu, lakini kwenye ripoti nyingi utakuta kimeandikwa tu kwamba kisima kipo. Na waje mwezi wa kumi, wasije mwezi wa nne maji yakiwa yamejaa kila dimbwi.

Na msidhani ni kwenu tu. Miaka ya 2010 na kitu Wizara ya Maji ilipoweka vituo vya maji vya vijijini kwenye ramani nchi nzima ilionekana zaidi ya theluthi havifanyi kazi, na kila kimoja kati ya hivyo kiliwahi kuhesabiwa kwenye ripoti ya mtu fulani kama mafanikio. Kilichohesabiwa ni kuchimba, hakuna aliyelipwa kuhesabu maji. Ndo maana mimi naona mfadhili akitaka kujua kama hela yake imefanya kazi asihesabu alichokitoa, ahesabu kilichobadilika kwa watu, na ahesabu tena yeye akiwa ameshaondoka.

Kuna mfano wa jirani zetu naupenda sana. Kule Kyuso, Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka kifaa kidogo cha kutuma ujumbe wa simu ndani ya mkono wa pampu, kwa hiyo watu wakiacha kupampu au pampu ikizubaa taarifa inafika kwa fundi. Kabla ya hapo pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa, baada ya hapo ikawa chini ya siku 3. Pampu ni zilezile na watu ni walewale. Kilichoongezeka ni kwamba kuna mtu anajua imeharibika leo, kuna fundi ambaye kazi yake ni hiyo, na baadaye ikaundwa kampuni ya mafundi Kitui na Kwale ambayo watumiaji wanaichangia ada kidogo kidogo. Huo ndo ubora wa kupima, ulipimwa muda wa kukaa bila maji, wakaona unavyouma, wakaurekebisha huo huo.

Sasa nyie msisubiri kifaa. Nunueni kaunta buku moja, mchore mistari, kisima gani, kimeharibika tarehe ngapi, kimetengenezwa tarehe ngapi, fundi katoka wapi, kipuri kimegharimu shilingi ngapi, hela imetoka mfuko gani. Kisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato na matumizi, nakala iende RUWASA wilayani, maana tangu sheria ya maji ya 2019 wao ndo wenye dhamana ya maji vijijini na chombo chenu cha watumia maji kinatakiwa kisajiliwe kwao. Wageni wakirudi mnawashukuru kwa visima, mnawawekea kaunta buku mezani, na mnawaomba kitu kimoja, kwamba ripoti yao iletwe kwa Kiswahili isomwe kwenye mkutano kabla haijatumwa kwa mfadhili. Mfadhili mwenye nia njema hawezi kukimbia hapo. Kwa kweli wengi wana njaa ya taarifa kama hiyo, hawaipati kwa sababu inachujwa kila inapopanda ngazi, kijiji kinaogopa shirika, shirika linaogopa makao makuu, makao makuu yanaogopa bunge la nchi yao.

Swali: Mambo vipi mhariri, mimi ni afisa ufuatiliaji na tathmini, mwaka wa kwanza kazini, NGO ya elimu hapa Dar. Bosi anataka idadi ya walimu waliohudhuria mafunzo na vitabu vilivyogawiwa basi. Nikiuliza watoto wamejifunza nini naambiwa hicho kiashiria hakipo kwenye andiko la mradi. Nifanyeje na mimi ndo nimeanza kazi?

Jibu: Poa mdogo wangu. Swali lako ndo swali lenyewe, usiliache hata kama bosi hajalipenda.

Anza kumpa bosi mfano wa Busia. Miaka ya 1990 shirika moja la Kiholanzi lilikuwa linagawa vitabu vya kiada kwenye shule za msingi kule Busia na Teso, Kenya, na kila mtu aliamini vitabu lazima vitapandisha alama, mtoto hana kitabu anapewa kitabu, sasa hapo utapinga nini. Watafiti akiwemo Michael Kremer, ambaye 2019 alikuja kupata Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, wakalinganisha shule zilizopata na ambazo zilikuwa bado, na kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale watoto waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Sababu ukiisikia unaona ni wazi kabisa, vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa kule Kiingereza ni lugha ya tatu, walikuwa wanapewa kitabu wasichoweza kukisoma. Kwa hesabu ya bosi wako ule mradi ungepata asilimia mia, vitabu viligawiwa vyote na vikasainiwa.

Halafu mpe mfano wa nyumbani. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza kwenye shule 350 katika wilaya 10 za Tanzania bara. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, kundi lingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu, kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu, lilikuwa la kulinganishia. Baada ya miaka miwili ruzuku peke yake haikupandisha matokeo, bonasi peke yake ilisaidia kiasi, lakini zilipokwenda pamoja watoto walijifunza kwa kuonekana, zaidi ya ukijumlisha hiyo ya kwanza na ya pili. Fikiria kama wangepima shule za ruzuku tu, au kama wangehesabu hela zilizofika shuleni, hilo la kuunganisha lisingejulikana mpaka leo. Mimi hilo huwa linaniuma, kwa sababu ni miaka ya mtoto hiyo, darasa la kwanza halirudi.

Na kitu cha kulinganishia usikidharau. Unakumbuka Vijiji vya Milenia, mradi wa mchumi Jeffrey Sachs na wenzake uliokuwa Sauri kule Siaya na Mbola kule Uyui, Tabora, na nchi zingine kadhaa? Ripoti zake za mwanzo zilionesha mabadiliko makubwa kabla na baada, ikiwemo watu kumiliki simu. Wachumi wawili, Michael Clemens na Gabriel Demombynes, wakaja wakasema jamani simu ziliongezeka vijijini kote, hata kule mradi haukukanyaga, sasa mtajuaje ipi ni ya mradi. Mwaka 2012 wahusika walichapisha kwenye jarida la Lancet kwamba vifo vya watoto vimepungua kwa kasi mara tatu kuliko nchi zenyewe, ikabidi wairudishe nyuma hiyo hoja kwa sababu hesabu haikuwa sahihi. Mradi ulikuwa na mambo mazuri, tathmini ya mwisho iliyotoka 2018 ilionesha viashiria vingi viliboreka ukilinganisha na vijiji vingine, ila malengo yaliyofikiwa yalikuwa kama theluthi tu. Wangekuwa na vijiji vya kulinganishia tangu siku ya kwanza ubishi wote ule usingekuwepo na sisi tungejifunza mapema kipi kichukuliwe kipi kiachwe.

Kwa hiyo cha kufanya. Usiombe bajeti kubwa, omba ruhusa ya kufanya jaribio dogo. Chukua shule ambazo mafunzo hayajafika na ambazo yatafika muhula huu, kabla hata semina haijafanyika chagua watoto wa darasa la tatu bila kuchaguliwa na mwalimu mkuu, maana mwalimu mkuu atakuletea wale vinara, kisha mpe kila mtoto kahadithi kafupi ka kiwango cha darasa la pili asome kwa sauti. Watu wa Uwezo, ule utafiti wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, walifanya hivyo nyumba kwa nyumba. Mtoto mmoja hachukui muda. Rudi mwisho wa mwaka, makundi yote mawili, kahadithi kengine ka kiwango kilekile. Na kabla hujaenda andikeni na bosi kwenye karatasi matokeo yakiwa hivi tutafanya hivi, yakiwa vile tutabadilisha nini, maana tathmini ambayo jibu lolote haliwezi kubadilisha chochote ni kupoteza muda wa wale watoto. Zile karatasi za mahudhurio na posho endelea kuzitunza, mkaguzi wa hesabu anazihitaji, ila saini ya posho inaonesha mwalimu alifika hotelini na inaishia hapo.

Swali: Hujambo mhariri, nakuandikia kutoka Bondo, Siaya. Hao watafiti wenu walikuja huku wakapiga kura ya bahati nasibu kijiji gani kipate na kipi kikose. Sisi ni watu au panya wa maabara? Na wanajifanya wanatusaidia.

Jibu: Sijambo ndugu yangu, na hasira yako naielewa, tena nisingependa uache kuuliza hivyo.

Ila tuangalie kitu kimoja kwanza. Hela ya mradi karibu siku zote haitoshi watu wote, hilo halina ubishi, kwa hiyo kuna mtu lazima atangulie na mwingine asubiri. Bila kura anatangulia nani? Mara nyingi ni kijiji cha karibu na lami, au kwao na mbunge, au kile ambacho chifu wake ana maneno mengi. Kura ya wazi mbele ya watu ina haki kuliko hiyo. Mradi wa dawa za minyoo kule Busia ulianza 1998 na shule 75, ukagawa makundi matatu ya shule 25, la kwanza likaanza mwaka huohuo, la pili 1999, la tatu 2001, kwa hiyo wote walifikiwa, na kwa sababu walifikiwa kwa zamu ndo ikajulikana kwamba utoro ulipungua kwa kama robo. 2015 watafiti wengine waliichambua upya ile data na wakabishana nao kweli kweli, ni vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Wale watoto walifuatiliwa hata miaka 20 baadaye na waliopata dawa miaka zaidi walikuwa na kipato kikubwa kidogo kuliko wenzao.

Na kuna wakati kura imewatetea maskini. Zamani wataalamu wengi walishikilia kwamba neti ya mbu ikitolewa bure watu hawataithamini, bora walipie hata kidogo. Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakajaribu kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, bei tofauti kliniki tofauti. Neti ilipotoka bure kwenda senti 60 za dola tu, waliochukua walishuka kwa asilimia 60 nzima, na waliopewa bure waliitumia vilevile kama walionunua. Kina mama walikuwa wanasemwa hawathamini kumbe hawana hela. Utafiti huo umetumika sana kutetea neti za bure.

Pale ambapo nakuunga mkono bila kusita ni hapa: usinyimwe kitu ambacho tayari kinajulikana kinaokoa maisha eti kwa ajili ya utafiti, uelezwe kwa lugha yako na uwe na haki ya kukataa, na matokeo yarudishwe kwenu barazani, msije kuyasikia kwa mtu aliyesoma Nairobi. Hilo la mwisho wengi hawalifanyi na ni dharau. Wakija tena Bondo waulizeni kabla hawajafungua dodoso, mtarudi lini kutusomea mlichokipata, waandike tarehe.

Swali: Kwa nini wasitugawie tu hela mkononi wakaacha semina? (Wameuliza wengi, Mwanza, Mombasa, Kigoma.)

Jibu: Mara nyingi nami najiuliza hivyo. Huko huko Siaya shirika la GiveDirectly liligawa kama dola 1,000 kwa M-Pesa kwa kaya zaidi ya 10,500, kaya zenye nyumba za nyasi, na utafiti ulifuatilia vijiji 653. Waliopata walipanda, na majirani ambao hawakupata nao walipanda kwa sababu hela ilizunguka madukani na kwa mafundi, kila dola iliyoingia ilizalisha kama mbili na nusu kwenye uchumi wa pale, na bei za vitu karibu hazikupanda. Kwa hiyo mradi wowote unaogharimu pesa nyingi kwa kaya uulizwe, unashinda kuwapa hizo hela wenyewe? Ila hela ya mkononi haichimbi bwawa wala haileti chanjo, kwa hiyo sio jibu la kila kitu.

Swali: Nipo Lodwar. Kile kiwanda cha samaki Kalokol kilikosea wapi?

Jibu: Kwenye maswali ya kabla ya kujenga. Norway walikikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili samaki wa Ziwa Turkana wagandishwe wakauzwe mbali, na kikafanya kazi siku chache tu kwa sababu umeme wa kugandisha na maji safi kwenye joto lile vilikuwa ghali kuliko samaki wenyewe. Baadaye Ghuba ya Ferguson iliyo karibu na hapo ilikauka. Waturkana wengi ni wafugaji, wakiulizwa kuhusu ukame, mifugo na ziwa linavyokwenda na kurudi wangesema mengi. Hesabu ya umeme peke yake ingetosha kusimamisha ule ujenzi kwenye karatasi.

Swali: Mimi ni nesi kituo cha afya mkoa wa Njombe. Tangu Marekani wasimamishe misaada Januari 2025 na USAID kufungwa Julai mosi, wahudumu rika (watu wanaoishi na VVU wanaowasaidia wenzao kuendelea na dawa) na watu wa data waliokuwa wanalipwa na mradi wameondoka. Halmashauri inasema haiwezi kubeba vyote, tuchague. Tunachaguaje?

Jibu: Pole sana dada, na asante kwa kubaki hapo kazini. Njombe ndo mkoa wenye maambukizi makubwa ya VVU kuliko yote Tanzania, utafiti wa 2022/2023 ulionesha asilimia 12.7 ya watu wazima, kwa hiyo uchaguzi huu unagusa maisha ya watu moja kwa moja.

Msichague kwa kuangalia kipi kilisifiwa kwenye ripoti za mradi. Kwamba ARV zinaokoa maisha hilo halihitaji tathmini nyingine, swali lenu ni kipi kilikuwa kinamfanya mtu aendelee kuzimeza. Chukueni rejesta ya CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, angalieni miezi sita kabla wahudumu rika hawajaondoka na miezi sita baada. Waliokosa tarehe ya kliniki wangapi, kati yao waliorudi ndani ya mwezi wangapi, na nani aliwarudisha, simu, jirani au mhudumu aliyekwenda mpaka nyumbani. Angalieni pia sampuli za kipimo cha wingi wa virusi, zilikuwa zinachukua siku ngapi kurudi na sasa zinachukua siku ngapi. Mkiweza ombeni namba hizohizo kwa kituo jirani ambacho hakikuwahi kuwa na wahudumu rika, mtaona kama tofauti ni ya kuondoka kwao au kila mahali mambo yameshuka.

Kama mimi ningekuwa nabashiri ningesema wa kwenda nyumbani kwa aliyepotea ndo wa kwanza kubakizwa, na vikao vya robo mwaka vya hotelini ndo vya kwanza kufutwa, lakini rejesta yenu inajua kuliko mimi. Andikeni ukurasa mmoja tu, namba za kabla na baada, na gharama ya mhudumu mmoja kwa mwezi, mumfikishie mganga mkuu wa wilaya kabla vikao vya bajeti ya halmashauri havijaanza, na nakala moja mumpe diwani wa kata yenu kwa sababu yeye ndo atakayekuwa ndani ya chumba wakati wanakata.